Reli ya Tanga: Miaka 130 Tangu Treni Ifike Muheza

Upande wetu huu wa kusini ya Mto Pangani, si mbali na kivuko cha Bweni, kuna mahali paitwapo Kikogwe. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Njiani mingi ilikufa. Iliyofika hai ilikuwa 62, nayo ikapandwa Kikogwe. Mwaka huohuo, Tanga mjini, vibarua walianza kunyanyua tuta la reli. Mkonge na reli ni ndugu wa mwaka mmoja, na wote wawili wamelea mkoa huu.

Sisi wa Ushongo, kijiji cha upande huu wa kusini, hatujapata kupitiwa na reli. Kwetu ni minazi, ngalawa na barabara ya vumbi. Hata hivyo reli ilitugusa mapema kuliko wengi, kwa sababu ilihamisha riziki. Kabla yake Pangani ndiyo iliyokuwa bandari kubwa ya misafara iliyotoka Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Pembe za ndovu ziliteremkia hapo kwenye vichwa vya wapagazi. Treni ilipoanzia Tanga mzigo ulifuata chuma, na Pangani ikabaki na majumba yake ya mawe ikitazama mto.

Ujenzi wenyewe ulikwenda kwa kusuasua. Kampuni ya Kijerumani iliyoanza kazi ilifika Pongwe mwaka 1894 na Muheza Aprili 1896. Zilikuwa kilomita 40 tu kwa miaka mitatu! Fedha ikaishia hapo, kazi ikalala. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua reli. Wakati huo majirani zetu walikuwa wanakimbia: reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ilifika Ziwa Viktoria mwishoni mwa 1901. Yetu ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, kilomita 352 kutoka pwani. Kutoka Tengeni, karibu na Muheza, palijengwa pia kijireli chembamba cha kwenda Sigi, chini ya milima ya Amani, cha kuteremshia mbao.

Kipimo cha reli yenyewe ya Tanga ni mita moja kati ya chuma na chuma, na mataruma mengi yalikuwa ya chuma, maana ya mbao yangeliwa na mchwa. Waliobeba mataruma hayo mabegani ni babu zetu. Katika vitabu vingi jina lililoandikwa ni la mhandisi, na ningependa siku moja stesheni ya Tanga iwe na kibao cha kuwakumbuka wao pia.

Novemba 1914, katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, reli hiyo iliamua pigano. Waingereza waliteremsha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India. Mjini askari wa Kijerumani walikuwa wachache mno, lakini kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, aliwasomba wengine kwa treni kutoka Moshi. Wote pamoja hawakuzidi sana elfu moja, na Waingereza walirudi melini. Miaka miwili baadaye Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waling'oa reli na kuvunja madaraja yaleyale waliyojenga. Nao Waingereza walikuwa wameshavuta njia kutoka Voi hadi Kahe kwa ajili ya vita. Vita vilipokwisha njia hiyo ilibaki, na kahawa ya Kilimanjaro ikaanza kuteremkia Mombasa. Tanga ikaonja kile ilichoionjesha Pangani.

Iliyoikomboa ni mkonge. Mashamba yalipanuka pande zote mbili za njia, Ngomeni, Muheza, Korogwe, Mombo, na marobota ya katani yakawa ndiyo mzigo wa kila siku wa kwenda bandarini. Pamoja na mkonge walikuja manamba, vijana wa bara walioandikishwa kwa mkataba kukata majani. Wengi hawakurudi makwao. Ndiyo maana leo ukisimama sokoni Korogwe utasikia lugha za nusu ya Tanzania. Mwaka 1929 njia ikafika Arusha, na mwaka 1948 ikaingia katika Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki.

Abiria ndio walioipa reli hii uhai wake. Ilijengwa kwa mzigo, watu wakaifanya yao. Muheza ni mji wa machungwa. Treni ikikaribia kusimama kina mama walikuwa wameshajipanga, tenga kichwani. Mkono mmoja uliinua machungwa hadi dirishani, mwingine ulikinga sarafu, na kichwa cha treni kilipopiga honi biashara ilimalizikia mwendoni, muuzaji akikimbia pembeni mwa behewa la daraja la tatu. Mombo walishuka wa Lushoto, na kati ya stesheni na stesheni kiberenge kilipita na mafundi wa njia. Watu wa Pangani nao walipanda basi hadi Muheza, wakaingia humo na vikapu vya samaki mkavu.

Hadi baada ya Uhuru njia yetu haikukutana na Reli ya Kati ndani ya nchi. Kipande cha Mnyusi hadi Ruvu, kilomita 187, ndicho kilichoziunganisha mwaka 1963. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 likazaliwa Shirika la Reli Tanzania, katika miaka ambayo katani ilikuwa inashushwa bei na kamba za plastiki. Mzigo ulipungua, njia ikachakaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni ya abiria ya Kaskazini ikasimama. Nyasi ziliota juu ya mataruma. Watoto walikua wakijua tuta kama njia ya kwenda shule.

Kimya hicho kilidumu kwa takriban miaka 25. Julai 2019 mizigo ilirudi Moshi, Desemba mwaka huo abiria wakafuata, na Oktoba 2020 treni ikaingia Arusha. Furaha ilikuwa ya kweli. Lakini treni itokayo Dar es Salaam, ikifika Mnyusi, hugeukia magharibi, na mji ambako reli yote hii ilianza unabaki mashariki, nyuma ya mgongo wake.

Dar es Salaam ina treni ya abiria wa mjini tangu Oktoba 2012, ya asubuhi na jioni, kwa wafanyakazi na wanafunzi. Tunaliomba Shirika la Reli litufikirie hivyohivyo: mabehewa machache, Tanga hadi Korogwe, asubuhi na jioni, yakisimama Pongwe na Muheza. Ni kilomita 84, na njia yake ilishajengwa tangu mwaka 1902.