Hesabu ya Kutoa

Mwaka 1989, ili kujua kama upanga wako umempata zimwi, ulipaswa kufanya hesabu ya kutoa. Katika toleo la pili la Advanced Dungeons & Dragons, kila mpiganaji alikuwa na namba iitwayo THAC0, na kila adui alikuwa na kiwango cha deraya. Deraya ilivyozidi kuwa bora, namba yake ilishuka: 10 ni mtu asiye na kinga yoyote, 0 ni deraya kamili ya chuma pamoja na ngao, na chini ya hapo zinakuja hasi. Mwenye THAC0 ya 18 akimshambulia adui wa deraya 4 anatoa 4 kwenye 18, anabaki na 14, kisha anarusha dadu ya pande ishirini akiomba apate 14 au zaidi. Adui akiwa na deraya ya hasi 2, mchezaji anatoa hasi, maana yake anajumlisha, na hapo ndipo wachezaji husahau zimwi wakaanza kubishana.

Toleo la tatu lilitoka mwaka 2000, miaka mitatu baada ya Wizards of the Coast kuinunua kampuni ya TSR. Waandishi wake, Jonathan Tweet, Monte Cook na Skip Williams, waliigeuza ngazi juu chini. Deraya sasa ilipanda, na mchezaji akajumlisha tu. Deraya 4 ya zamani ni 16 ya sasa; THAC0 ya 18 ni nyongeza ya 2. Rusha dadu, ongeza 2, ukifika 16 umempata. Hesabu mwenyewe: bado dadu inatakiwa kuonyesha 14, na uwezekano ni ule ule, asilimia 35. Zimwi halikupata nafuu wala hasara.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoisimulia historia ya sheria hizi kama safari kutoka ujingani kwenda kwenye akili. Mimi naisoma kama mvutano juu ya nani aruhusiwe kujua hesabu. Hata THAC0, inayochekwa siku hizi, ilikuwa ukombozi. Miaka 10 kabla yake, katika kitabu cha mwendesha mchezo cha mwaka 1979, Gary Gygax aliyaweka majedwali ya mashambulizi upande wa mwendeshaji peke yake. Mchezaji alirusha dadu, akataja namba, akasubiri kuambiwa. Gygax aliandika humo kwamba mchezaji wa kawaida atakayekutwa na kitabu hicho hastahili hata kifo cha heshima. Ni mzaha kwa nusu tu. (Nakiri siri hiyo ina ladha yake: asiyejua namba humtazama zimwi mwenyewe.)

Lakini kitabu cha wachezaji cha 1978 kilikuwa na jedwali ambalo halikufichwa. Mpiganaji mwanamume wa kibinadamu aliweza kufikia nguvu za 18/00, zenye nyongeza ya 3 katika kulenga na 6 katika madhara. Mwanamke wa kibinadamu aliishia 18/50: nyongeza ya 1, na 3. Katika mchezo wenye mazimwi na watu wanaorusha moto kwa viganja, mtu alikaa akaona kwamba uhalisia unadai kikomo hiki. Toleo la 1989 lilikiondoa. Kwangu hayo ndiyo maboresho makubwa kuliko yote, ingawa mashabiki wanaolinganisha matoleo huanza na deraya.

Toleo la nne la 2008 lilipanga kila kitu kwa unadhifu, na wengi wakalikimbia. Mwaka uliofuata Paizo ilitoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya sheria za toleo la tatu. La tano, mwaka 2014, lilitanguliwa na majaribio ya wazi yaliyoanza 2012. Humo mna sheria ninayoipenda kuliko zote: ukiwa katika hali nzuri, rusha dadu mbili, chukua iliyo kubwa. Hakuna nyongeza za kukumbuka. Aliyehitaji 11 alikuwa na asilimia 50. Sasa ana 75, na mtoto anaielewa bila jedwali.

Mwanzoni mwa 2023 Wizards of the Coast ilitaka kubadili leseni iliyokuwa imewaruhusu wengine, tangu 2000, kuchapisha kazi juu ya sheria hizo. Mashabiki waliwaka. Kabla Januari haijaisha, kampuni ilirudi nyuma na kuiweka hati ya msingi ya sheria za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons. Yeyote anaweza kuinakili, kuitafsiri kwa Kiswahili na hata kuiuza, bila kumwomba mtu ruhusa, mradi ataje ilikotoka. Dadu mbili na ile iliyo kubwa zimo humo, na majedwali pia.