Jimbo

jimbo nm. (wingi: majimbo) [ngeli ya li-/ya-]

1. Eneo la uchaguzi linalowakilishwa na mbunge mmoja: *Jimbo la Ngara, jimbo liko wazi, wagombea watano wanawania jimbo hilo.*
2. Sehemu ya nchi ya shirikisho yenye serikali, bunge na sheria zake: *Jimbo la Arizona, majimbo ya Nigeria.*
3. Sehemu kubwa ya utawala wa nchi, mkoa. Katika Tanganyika maana hii ni ya kihistoria: *Jimbo la Ziwa*. Katika Kongo ingali hai: *Jimbo la Kivu Kusini*.
4. Eneo la kikanisa lililo chini ya askofu: *Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara*.

Upatanisho wa kisarufi

Husemwa *jimbo la, jimbo hili, jimbo limechukuliwa. Majimbo ya, majimbo haya, majimbo yamegawanywa*. Kauli kama *jimbo ya Ngara* au *jimbo imechukuliwa* si sanifu. Kielezi cha mahali ni jimboni: *Mbunge amerudi jimboni.* Jina la mahali likitangulizwa, neno huandikwa kwa herufi kubwa (*Jimbo la Ngara*). Likisimama peke yake, huandikwa kwa herufi ndogo.

Neno moja, mipaka mingi

Ni nadra kwa neno la utawala kubeba maana nne zilizo hai pamoja, lakini magharibi mwa Mkoa wa Kagera mtu mmoja aweza kukutana na tatu kati ya hizo kwa siku moja. Mkazi wa Ngara humpigia kura mbunge wa Jimbo la Ngara. Akiwa Mkatoliki, huhesabiwa katika Jimbo la Rulenge-Ngara, lililopewa jina hilo mwaka 2008 lilipozaliwa Jimbo la Kayanga, nalo hulishirikisha pia eneo la Biharamulo. Mzee wake aliyesoma kabla ya Uhuru hulikumbuka jimbo la maana ya tatu, wakati nchi ilipogawanywa katika majimbo na majimbo katika wilaya. Baada ya Uhuru *mkoa* ulichukua nafasi hiyo, na Mkoa wa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera mwaka 1979.

Maana hizi hazigongani maadamu muktadha uko wazi. Askofu hagombei kura, wala mbunge hatoi kipaimara. Mgongano huanza pale maana ya kwanza na ya pili zinapokutana katika habari za uchaguzi.

Jimbo na wilaya

Katika maana ya kwanza, jimbo si wilaya, hata pale yanapofanana kwa jina na mipaka. Ngara ni wilaya na pia ni jimbo. Kwa hiyo *mbunge wa Ngara* haileti utata. Biharamulo ni mfano tofauti. Kwa miaka mingi wilaya hiyo ilikuwa na majimbo mawili: Biharamulo Mashariki, lililowakilishwa na John Magufuli, na Biharamulo Magharibi. Upande wa mashariki ukawa Wilaya ya Chato, ambayo mwaka 2012 iliwekwa katika Mkoa mpya wa Geita, na jimbo lake likaitwa Chato. Upande wa pili uliendelea kuitwa *Magharibi* hata pale *Mashariki* ilipokuwa haipo tena kwenye orodha ya majimbo. Mwandishi wa habari za zamani asiandike tu *mbunge wa Biharamulo*, bali ataje jimbo kwa jina lake la wakati huo.

Mamlaka ya kuigawa nchi katika majimbo ya uchaguzi ni ya Tume ya Uchaguzi, chini ya Ibara ya 75 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Ndiyo maana wilaya inaweza kuzaliwa bila jimbo kubadilika, na jimbo likagawanywa bila wilaya kuguswa.

Vitenzi vinavyoandamana na *jimbo*

Historia fupi ya Biharamulo Magharibi inatosha kuonyesha vitenzi hivyo. Mwaka 2005 Phares Kabuye wa TLP *alilitwaa* jimbo. Alipofariki katika ajali mwaka 2009, jimbo *likawa wazi* na ukaitishwa *uchaguzi mdogo*, uliofanyika Julai mwaka huo. Oscar Mukasa wa CCM *alitangazwa mshindi* kwa tofauti ndogo ya kura dhidi ya Dk. Antony Gervas Mbassa wa CHADEMA. Mwaka uliofuata, katika uchaguzi mkuu wa 2010, Mbassa *alilinyakua* jimbo. Mwaka 2015 Mukasa *alilirejesha* mikononi mwa CCM. Ndani ya miaka 10 jimbo moja lilipita kwa vyama vitatu.

Zingatia tofauti hizi:

- Kutwaa na kunyakua hutumika pale jimbo linapotoka chama kimoja kwenda kingine. *Kunyakua* kuna sifa ya ghafla na ushindani. Hakumaanishi wizi, lakini hakufai katika hati rasmi.
- Kutetea ni kwa aliyeshika jimbo tayari. Mgombea mpya hatetei jimbo. Chama chake ndicho kinachotetea.
- Kurejesha hudai kwamba jimbo liliwahi kuwa la chama hicho.
- Kutangazwa mshindi si sawa na kushinda. La kwanza ni tendo la msimamizi wa uchaguzi. La pili ni hukumu ya kura zenyewe. Matokeo yanapobishaniwa, mwandishi mwangalifu hubaki na la kwanza.

Ushindi wa tofauti ndogo huitwa *ushindi mwembamba*; kinyume chake ni *ushindi wa kishindo*.

Mtego wa *mwanasheria mkuu wa jimbo*

Utata mkubwa zaidi hutokea katika habari zinazotoka Marekani. Huko, katika majimbo mengi, mwanasheria mkuu wa jimbo huchaguliwa na wananchi kwa kura. Tanzania haina cheo hicho. Mwanasheria Mkuu wa Serikali huteuliwa na Rais kwa mujibu wa Ibara ya 59 ya Katiba, naye huingia bungeni kwa wadhifa wake. Kwa maneno mengine, yeye ni mbunge asiye na jimbo. Kenya nako, chini ya Katiba ya 2010, Mwanasheria Mkuu huteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Taifa.

Kwa msomaji wa Ngara au Biharamulo, basi, kichwa cha habari kama hiki hakieleweki kwa urahisi:

✗ *Mwanasheria mkuu wa jimbo ashinda kwa kura 280.*

Kauli hiyo ina makosa matatu. Kwanza, *jimbo* bila jina humpeleka msomaji kwenye eneo la mbunge, na hapo atajiuliza tangu lini jimbo likawa na mwanasheria wake. Pili, *kwa kura 280* yaweza kusomwa kuwa mshindi alipata kura 280 tu. Kinachokusudiwa ni tofauti kati ya wagombea. Tatu, ukubwa wa habari hupotea. Katika jimbo la uchaguzi la Tanzania, ambako hupigwa kura elfu kadhaa au makumi elfu, tofauti ya kura 280 ni ndogo, lakini si ya ajabu. Tukio lenyewe lilikuwa la Arizona mwaka 2022, ambako zilipigwa kura takriban milioni 2.5. Hesabu ya kwanza ilimweka Kris Mayes mbele ya Abe Hamadeh kwa kura 511. Kura zilipohesabiwa upya, tofauti ikashuka hadi 280. Asiyejua ni jimbo la maana ipi hawezi kujua kwa nini habari hiyo ilisafiri hadi kwake.

✓ *Mgombea wa Democratic ashinda uanasheria mkuu wa Jimbo la Arizona, Marekani, kwa tofauti ya kura 280.*

Kanuni ni hii: *jimbo* la maana ya pili litajwe pamoja na jina lake na jina la nchi mara ya kwanza, na *jimbo* la maana ya kwanza liitwe jimbo la uchaguzi kila mara maana zote mbili zinapokutana katika andiko moja.

Mfano mwingine wa aina hiyo ni Virginia mwaka 2013. Mark Herring aliidhinishwa mshindi dhidi ya Mark Obenshain kwa tofauti ya kura 165 kati ya kura zaidi ya milioni 2. Baada ya kuhesabu upya tofauti ikapanda hadi 907. Hapa pia kuhesabu upya kusichanganywe na kurudia uchaguzi. Katika la kwanza kura ni zilezile. Katika la pili wapigakura hurudi vituoni.

Mwanasheria Mkuu katika kesi za uchaguzi

Ingawa Mwanasheria Mkuu wa Tanzania hapigiwi kura, jina lake huonekana mara nyingi katika mashauri ya uchaguzi, akiwa mdaiwa kwa niaba ya Serikali. Shauri mashuhuri lilitoka Kagera. Julius Ishengoma Francis Ndyanabo, aliyegombea Jimbo la Nkenge mwaka 2000 bila kufaulu, alipinga sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni 5 kabla kesi ya uchaguzi haijasikilizwa. Mwaka 2002, katika shauri la *Ndyanabo dhidi ya Mwanasheria Mkuu*, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sharti hilo lilikiuka Katiba, kwa kuwa lilimfungia asiye na fedha mlango wa mahakama. Hapo matumizi sahihi ni *kupinga matokeo* kwa mlalamikaji na *kutengua matokeo* kwa mahakama. Mgombea hatengui, huomba yatenguliwe.

Nchi jirani

Kenya, eneo la mbunge huitwa *eneo bunge*. *Majimbo* huko hukumbusha mfumo wa kugawana madaraka uliokuwemo katika katiba ya Uhuru ya 1963, na kwa hiyo neno lina uzito wa kisiasa ambao Tanzania halina. Anayeandikia wasomaji wa nchi zote mbili afadhali aseme *eneo la uchaguzi*.

Tazama pia: eneo bunge, kata, mkoa, mgombea, uchaguzi mdogo, viti maalumu.