Nani Ampimaye Mwalimu?

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa akavuka daraja la Nyali hufika kwanza Kengeleni, mahali palipopata jina lake kwa kengele ya Freretown. Akiishika barabara ya Malindi, akapita Bombolulu na mtambo wa saruji wa Bamburi, hukuta njia iendayo Kiembeni, kitongoji chenye nyumba nyingi na shule nyingi, za umma na za watu binafsi. Asubuhi njia za huko hujaa watoto waliovaa sare za rangi mbalimbali. Kila mmoja wao anajua kuwa atapimwa: kwa jaribio, kwa mtihani wa mwisho wa muhula, na kwa ripoti atakayoipeleka nyumbani. Wachache wajua kwamba mwalimu asimamaye mbele yao naye hupimwa, na mkuu wa shule vivyo hivyo. Kupimwa huko kuna historia ndefu, na sehemu yake ya awali ilipita karibu sana na Kiembeni.

Kabla ya kuja shule za wamisheni, mwalimu wa pwani alikuwa mwalimu wa chuo, na mizani yake ilikuwa mtaa. Mtoto alipohitimu kusoma Kurani watu walialikwa, akasoma mbele yao, na kila mwenye sikio alitambua kama kazi ya mwalimu ilikuwa safi au ina kasoro. Mzazi asiyeridhika alimtoa mtoto wake akampeleka chuo kingine, na hukumu ikawa imekwisha kutolewa. Mizani hiyo ilikuwa na ubaya wake, kwa kuwa jirani huweza kumsifu mtu kwa upole wake au kwa ukoo wake badala ya kazi yake. Walakini waliopima walikuwa wale wale walionufaika au kudhurika kwa kazi iliyopimwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari. Miaka miwili baadaye wamisheni wa CMS walikuwa wamekwisha kuanzisha Freretown, makao ya watumwa waliookolewa, na shule ikawa miongoni mwa majengo ya mwanzo. Baadhi ya waliofundisha huko walikuwa Waafrika waliookolewa utotoni baharini, wakasomeshwa Nasik huko Bara Hindi, kisha wakarudi pwani hii watu wazima. Mwajiri wao alikuwa misheni, na misheni ndiyo iliyowapima. Imani na mwenendo wa mwalimu vilitazamwa pamoja na hesabu yake, na pengine kabla ya hesabu yake.

Serikali ya kikoloni ilianzisha Idara ya Elimu mwaka 1911. Katika miaka ile ilianza kuzipa shule za misheni ruzuku, na sehemu ya ruzuku ilifuata idadi ya wanafunzi waliofaulu mitihani ya ufundi. Fikira hiyo haikuzaliwa hapa. Uingereza yenyewe ilikuwa imekwisha kuijaribu tangu mwaka 1862, kwa sheria iliyosimamiwa na Robert Lowe. Kila mtoto aliyefaulu kusoma aliiletea shule yake shilingi 2 na peni 8. Vivyo hivyo kwa kuandika, vivyo hivyo kwa hesabu. Yaliyofuata yalikuwa rahisi kuyatabiri. Walimu waliwakaririsha watoto kitabu kizima hadi wakaweza kukitamka bila kukitazama, na masomo yasiyoleta fedha yakaachwa kama shamba lisilolimwa. Matthew Arnold, aliyekuwa mshairi na pia mkaguzi wa shule, aliipinga sheria ile waziwazi ingawa mshahara wake ulitoka kwa serikali iliyoitunga. Mpango huo ulififia pole pole katika miaka ya 1890 hata ukafutwa. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kuukumbuka, maana kivuli chake kilirudi huku kwetu kwa mavazi mengine.

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, na mwaka huo huo Kenya ikapata sheria ya elimu iliyotaka shule ziandikishwe, walimu wapewe leseni na ukaguzi ufanywe. Lakini tunda zuri zaidi la mwaka ule halikuwa sheria. Lilikuwa ni Shule ya Jeanes, iliyofunguliwa Kabete mwaka 1925.

Jina hilo latoka kwa Anna Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyetoa dola milioni moja mwaka 1907 kwa ajili ya shule za Wamarekani weusi mashambani. Katika jimbo la Virginia mwalimu mmoja mweusi, Virginia Randolph, aliteuliwa mwaka 1908 kuzizungukia shule ndogo za wilaya yake, si kwa kuzikagua tu bali kwa kufanya kazi pamoja na walimu wake. Kabete iliiga mfano huo. Walimu wenye ujuzi waliletwa huko pamoja na wake zao, wakakaa katika nyumba za mfano, wakajifunza kilimo, afya na njia za kufundisha. Kisha wakarudishwa makwao, kila mmoja akakabidhiwa shule kadha za vijijini azitembelee. Tafakari tofauti yake na mkaguzi. Mkaguzi huja, huandika, huondoka, na maneno yake husomwa mahali pengine na mtu mwingine. Mwalimu wa Jeanes alikuja kusaidia. Alipoona somo limekwama, kazi yake ilikuwa kulikwamua pamoja na mwenye darasa.

Sitaki nisifu kupita kiasi. Elimu ya Jeanes ilitungwa na watu walioamini kwamba Mwafrika yampasa abaki kijijini, na Waafrika wengi waliishuku kwa haki kabisa, kwa kuwa walitaka watoto wao wapate elimu ile ile iliyowapa Wazungu mamlaka. Njia ilikuwa njema ndani ya siasa mbaya. Bahati mbaya ni kwamba siasa ilipokwenda, njia nayo ilisahauliwa kwa muda mrefu.

Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilitaka usimamizi wa shule uimarishwe, ikaweka pia mchujo wa mtihani baada ya miaka minne na tena baada ya miaka minane. Baada ya uhuru Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitazama elimu kwa jicho la taifa jipya, na mwaka 1967 Tume ya Huduma za Walimu, ambayo Wakenya huiita TSC, ilianza kazi. Badala ya misheni hii na baraza lile, mwalimu akawa na mwajiri mmoja. Hayo yalikuwa matakwa ya chama chao, KNUT, kilichoundwa mwaka 1957. Lakini mwajiri aliye Nairobi hawezi kumwona mwalimu wa Kiembeni akifundisha. Anachoweza kukiona ni matokeo ya mtihani. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 na mara ya mwisho mwaka 2023, uligeuka kuwa mizani ya mtoto, ya mwalimu, ya mkuu wa shule na hata ya kata nzima. Magazeti yalipanga shule kwa safu, ya kwanza mpaka ya mwisho. Shule ya watoto wa wavuvi na vibarua iliwekwa safu moja na shule ya bweni iliyochagua wanafunzi wake, kisha mkuu wake akaulizwa kwa nini ameshindwa. Serikali ilipiga marufuku upangaji huo mwaka 2014.

Mwaka 2015 walimu waligoma kwa majuma kama matano wakidai mshahara. Januari 2016 TSC ilieneza nchini utaratibu mpya wa kutathmini utendaji wa mwalimu, ujulikanao kwa herufi TPAD, na wakuu wa shule wakaanza kutia sahihi mikataba ya utendaji. Kwanza mwalimu hujipima mwenyewe. Kisha mkubwa wake huketi darasani na kulitazama somo. Kisha wawili hao hukutana wapatane juu ya alama. Kila muhula yote hayo hutumwa kwa mwajiri kwa njia ya intaneti. Viwango vilikuwa saba hapo mwanzo: ujuzi wa somo, utunzaji wa wakati, ubunifu, ulinzi wa mtoto, michezo, kujiendeleza, na ushirikiano na wazazi. Ukivisoma, hukuti hata kimoja cha kukataa.

Hata hivyo KNUT iliupinga, na upinzani huo haukuwa uvivu tu. Walimu walilalamika kwamba saa za kusahihisha madaftari zilikwenda katika kujaza fomu na kukusanya maazimio ya kazi na maandalio ya somo yawe ushahidi. Mimi naona shida kubwa iko ndani zaidi. Karatasi ile ile inamwomba mwalimu aseme udhaifu wake ili asaidiwe, na papo hapo inampa mwajiri hoja ya kumpandisha cheo au kumnyima. Nani aliye na akili timamu atakayeandika humo kwamba darasa la hesabu limemshinda? Atajipa alama nzuri. Mkuu wake, ambaye mkataba wake mwenyewe wapimwa kwa alama za walimu wake, atazikubali. Na Nairobi itapokea habari njema. Hapo hakuna mwovu. Kila mtu amefanya kama alivyoulizwa.

Kwa wakati karibu ule ule, jambo lingine liliendelea bila kelele. Mpango wa kusoma uitwao Tusome, ulioanza katika shule za msingi za umma mwaka 2015 kwa msaada wa Marekani, uliwapa maofisa wa mtaala vishikwambi na kuwatuma madarasani. Ofisa aliketi nyuma, akawasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu juu ya somo lile lile alilolitazama, siku ile ile. Sidhani wengi wao walipata kusikia habari za Kabete ya mwaka 1925. Majengo ya Jeanes yenyewe yalikwisha kugeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha utawala, na hata leo maofisa wa serikali husomea hapo.

Mbele kidogo ya Kiembeni, huko Shanzu, kuna chuo cha kufundisha walimu. Wakati wa mazoezi mwanachuo hupewa darasa lisilo lake, na mkufunzi huingia na kuketi dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao wa dawati la mtoto. Kengele hulia, watoto hukimbilia uwanjani, na wawili hao hubaki. Mkufunzi hufungua daftari lake na kumwuliza kijana swali la kwanza: yule mtoto wa kando ya dirisha, umeona kwamba hakuandika neno?