Rejeta Feki

Kakangu mkubwa ameishi Uingereza miaka kumi na mmoja, na sasa anarudi nyumbani. Mtu wetu akirudi kabisa, huwa anataka kurudi na gari. Basi siku moja group ya familia ikapokea picha mbili: Jaguar I-Pace nyekundu ya mwaka 2019 na Audi e-tron ya kijivu ya mwaka huohuo. Zote za stima, zote SUV, zote na usukani upande wa kulia kama tunavyotaka huku, na bei zao za mitumba zilikuwa zimekaribiana.

"Chagueni," akaandika.

Dada yetu alichagua Audi kabla hata sijamaliza kufungua picha. Kakangu akajibu kwa herufi kubwa: HIYO NI GARI YA MATHE.

"Na si ni wewe utakuwa unambeba mathe?" dada akamuuliza.

Group ikanyamaza. Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga miaka miwili iliyopita. Akipelekwa kliniki mjini kutoka kwetu Rongai, anayahesabu matuta. Anaweza kukuambia ni mangapi hadi Bomas, na ni yapi watu wa mtaa waliyaweka wenyewe usiku bila kuuliza mtu.

Sikuchangia. Lakini maneno hayo, gari ya mathe, yalinikaa kichwani kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kuyasoma mahali. Hayakuwa kwa Kiswahili na hayakuhusu Audi. Yana zaidi ya miaka mia moja, na wakati ule yalipoanza kusemwa, yaliliumiza gari la stima vibaya sana.

*

Wengi wetu tunadhani gari la stima ni kitu cha juzi. Hapana. Tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères, nje kidogo ya Paris, Mbelgiji aitwaye Camille Jenatzy alipanda kitu kilichofanana na risasi yenye magurudumu manne. Nasema alipanda kwa sababu hakukuwa na ndani ya kuingia: kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa nje, anapigwa na upepo. Gari hilo liliitwa La Jamais Contente, yaani Asiyeridhika Kamwe. Siku hiyo lilifika kilomita 105.88 kwa saa. Kabla ya hapo hakuna gari la barabarani lililokuwa limevuka kilomita 100 kwa saa. Na lilikuwa linaendeshwa na betri.

Mshindani wake mkubwa, Gaston de Chasseloup-Laubat, naye aliendesha gari la stima. Huyo ndiye aliyeweka rekodi ya kwanza, Desemba 1898, kilomita 63 na kitu kwa saa. Kwa miezi michache wanaume hao wawili walinyang'anyana rekodi kama watoto wanaogombania baiskeli. Petroli ilikuwa bado inakohoa nyuma yao.

Marekani mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 1900 viwanda vya huko vilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya stima, na 936 pekee ya petroli. Ungekuwa mtu wa kubeti, ungeweka pesa yako mahali pengine kabisa.

Kwa hivyo mwanzoni hakuna aliyeona gari la stima kuwa laini au la uoga. Lilikuwa gari la vichaa. Hilo jina la ulaini lilikuja baadaye, na lilikuja kupitia biashara.

*

Hebu fikiria kuwasha gari la petroli mwaka 1905. Unasimama mbele yake, unachomeka chuma kilichopinda, unazungusha kwa nguvu zako zote. Injini ikirudisha teke, chuma kinaweza kukuvunja mkono. Likishawaka, kuna moshi, kelele na harufu, na gia za kupigana nazo. La stima unakaa, unasukuma mkono wa kuendeshea, linaondoka. Basi.

Kampuni zikaona soko: wanawake matajiri wa mjini. Anayekumbukwa zaidi ni Detroit Electric, iliyoanza kutengeneza magari hayo mwaka 1907. Ndani yake palikuwa kama sebule ndogo. Vioo pande zote, viti vya kitambaa kizuri, hata chombo cha maua. Dereva aliketi kwenye kiti cha nyuma, akaongoza kwa fimbo badala ya usukani wa mviringo, huku wageni wake wakigeuziwa uso ili mazungumzo yaendelee. Spidi yake ilikuwa kama kilomita 30 kwa saa. Clara Ford alikuwa nalo. Ndiyo, mke wa Henry Ford, yule aliyekuwa akimwaga Model T za petroli barabarani tangu 1908. Mkewe alitembelea marafiki kwa gari la stima la kampuni nyingine.

Mwanahistoria Virginia Scharff aliandika kuhusu jambo hili katika kitabu chake Taking the Wheel cha mwaka 1991. Anaonyesha jinsi wauzaji walivyoamua mapema kwamba mwanamke anataka starehe na mwanamume anataka nguvu, kisha wakagawanya magari kwa kufuata imani hiyo. Wanawake wenyewe hawakuwa wamekubaliana na mgawanyo huo. Wengi walitaka kwenda mbali na kwenda haraka kama mtu mwingine yeyote, na walinunua petroli walipoweza.

Lakini jina lilishashika. Gari la stima likawa gari la kina mama, na mwanamume aliyeonekana ndani yake alikuwa na maelezo ya kutoa. Hapo ndipo baadhi ya watengenezaji walipofanya jambo ambalo kila nikilifikiria nacheka kisha nasikitika: walibandika rejeta mbele ya magari ya stima. Rejeta kazi yake ni kupoza maji ya injini. Gari hizo hazikuwa na injini ya petroli wala maji ya kuchemka. Rejeta ilikuwa feki, imewekwa pale ili jirani akitazama kutoka dirishani adhani ni gari la kiume.

Sitasema kwamba maneno peke yake ndiyo yaliyoliua gari la stima. Bei iliua zaidi. Kufikia mwaka 1912 gari la petroli lilipatikana kwa dola 650 hivi, na dogo la stima liliuzwa dola 1,750. Petroli ilikuwa rahisi, barabara za kwenda mbali zilikuwa zinajengwa, na mashambani hakukuwa na mahali pa kuchaji.

Kisha kulikuwa na Charles Kettering. Alibuni staata ya umeme, na Cadillac ikaiweka kwenye magari yake ya mwaka 1912. Staata ni nini? Ni mota ndogo ya stima na betri. Yaani petroli ilishinda kwa kuazima kitu kilekile kilichokuwa kimechekwa. Starehe iliyokuwa ya kike iliingia kwenye gari la kiume, na hakuna mwanamume niliyewahi kusoma kwamba alikataa kuitumia.

*

Tuje kwetu. Mgawanyo huo ulitufikia kwa meli, kupitia Mombasa, ndani ya magari ya mitumba ya Japani.

Mwaka 1997 Wajapani walitoa magari mawili ambayo Nairobi inayajua kama majina ya majirani. Subaru Forester ilitoka mapema mwaka huo, imejengwa juu ya msingi wa Impreza. Mwisho wa mwaka ikaja Toyota Harrier, juu ya msingi wa Camry, gari la familia la kutulia. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus RX. Yote mawili yaliinuliwa kutoka ardhini, yote yalibeba watu watano. Moja likaelekezwa kwenye msisimko, lingine kwenye utulivu.

Huku tulimalizia kazi wenyewe. Forester inapelekwa gereji kufunguliwa egzosi ili ingurume Thika Road saa sita usiku. Harrier inaenda kanisani. Mwanaume akinunua Harrier anaambiwa amezeeka. Mwanamke akinunua Forester anaulizwa ni ya nani.

Na huko Ulaya hawakuwa wamepona. BMW ilipotoa X5 mwaka 1999 ilikataa hata kuiita SUV kama wengine. Ilitafuta jina lake yenyewe lenye neno la michezo ndani.

*

Sasa turudi kwa picha mbili za kakangu, ambazo kwa kweli ni kipande cha historia hiyohiyo.

I-Pace ilionyeshwa Machi 2018. Betri ya kilowati-saa 90, mota mbili, nguvu ya farasi 400 hivi, kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa katika sekunde 4.8. Ilishinda tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya ya 2019, na ilishinda kwa tabu: ilifungana pointi na Alpine A110, gari dogo la spidi la viti viwili, hadi ikabidi waangalie ni majaji wangapi waliiweka ya kwanza.

E-tron ilifuata Septemba mwaka huohuo. Betri ya kilowati-saa 95, mota mbili pia, sekunde 5.7. Ni nzito zaidi, karibu tani mbili na nusu. Inakuja na springi za hewa kama kawaida, zinazoinua na kushusha gari. I-Pace ya kawaida ina springi za chuma. Za hewa ulikuwa unalipia zaidi.

Ukiangalia vizuri, tofauti ya hizo gari haiko pale tulipozoea kuitafuta. Zamani gari la spidi lilikuwa na injini tofauti kabisa na la starehe. Hapa zote mbili zina betri sakafuni, kwa hivyo uzito uko chini na gari halilali kwenye kona. Zote zinaondoka mara moja ukikanyaga. Zote ziko kimya. Pengo lao ni la sekunde moja, ambayo kwenye foleni ya Lang'ata Road hutaiona mwaka mzima. Kinachobaki ni springi, matairi, uzito wa usukani, viti, na kelele za nje zimezuiwa kiasi gani. Hivyo ndivyo vitu ambavyo mgongo wa mtu unavisikia.

Halafu kuna hili. I-Pace ina sauti ya kutengenezwa. Ukiiweka kwenye hali ya kuchangamka, spika zinakutolea mngurumo kadiri unavyokanyaga. Niliposoma hivyo nilirudi moja kwa moja kwenye ile rejeta. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, gari la stima bado linaona haya kuwa kimya.

Simdharau kakangu. Kuna raha ya kweli katika gari linalokujibu haraka, na Jenatzy hakupigwa na upepo ule wote kwa ajili ya majirani. Na starehe nayo ina bili yake: springi ya chuma fundi wa Kirinyaga Road anaijua kwa macho yamefungwa, lakini ya hewa ikianza kuvuja, uandae pesa. Vipuri vya zote mbili ni swali. I-Pace iliacha kutengenezwa mwishoni mwa 2024, na kiwanda cha Brussels kilichotengeneza e-tron kilifungwa Februari 2025. Hayo ni mambo ya kupima. "Gari ya mathe" si jambo la kupima.

*

Nilipotaka kuyaandika haya yote kwenye group, niligundua kwamba tulikuwa tumebishana siku tatu kuhusu nyonga ya mama bila mtu yeyote kumuuliza mwenye nyonga. Nikampigia, kisha nikamtumia picha.

"Hiyo nyekundu ni nzuri," akasema.

Nikacheka. Nikamwambia hiyo ndiyo ya kukimbia, mama, ile nyingine ndiyo ya kutulia.

"Kwani mimi nimesema sitaki kukimbia? Nimekaa nyuma ya magari ya baba yenu miaka thelathini." Akanyamaza kidogo. "Niambie tu, nikifungua mlango, kiti kiko juu kiasi gani? Ile probox ya jirani ni kama kuingia shimoni. Kutoka lazima nishikwe mkono kama mtoto. Sitaki kushikwa."

Katika kurasa zote nilizosoma za sekunde na kilowati, sikuwa nimekutana na swali hilo. Nililituma kwenye group jinsi alivyolisema.

Kakangu hakujibu siku ile. Jumamosi alienda kuziona zote mbili, na jioni akatuma picha nne za utepe wa kupimia, kutoka chini hadi kwenye kiti, mbele na nyuma. Hakusema chochote kuhusu sekunde. Kama dakika kumi baadaye akaandika tena:

"Nani anajua kama hii Audi huwa inakuja na nyekundu?"