Amani ya Usambara, Msitu Unaoinywesha Tanga

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya Muheza, akiisha kuyapita mashamba ya mkonge na michungwa, huiona milima ya Usambara ya Mashariki imesimama mbele yake, vilele vyake vimevikwa mawingu. Na mawingu hayo ni bahari yenyewe iliyopandishwa na pepo, ikanyesha juu ya msitu wa Amani, kisha ikateremka tena pwani kwa mto Sigi, ambao maji yake hukusanywa katika bwawa la Mabayani yakawa ndiyo kinywaji cha watu wa mji wa Tanga. Wengi wetu wa pwani huyateka kila alfajiri bila ya kuuliza yatokako.

Mnamo mwaka 1902 Wadachi walijenga huko, katika kimo cha takriban mita 900, chuo cha utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda miti iliyoletwa kutoka pembe zote za dunia, mikafuri na mikwinini miongoni mwayo. Miaka kumi kabla ya hapo mtawala wao wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuwa amekwisha kuliona katika nchi hizi ua dogo la rangi ya urujuani liotalo kwenye nyufa za majabali yenye unyevu, akalipeleka kwao, nalo mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Na leo ua hilo lastawi vyunguni katika madirisha ya Ulaya na Marekani, ilhali asili yake ni misitu michache ya Tanzania na Kenya, na kila jabali linalovuliwa kivuli cha miti ni makazi yake yaliyopotea.

Na kivuli hicho kiliondolewa kwa wingi. Katika miaka ya 1970 na 1980 magogo ya Usambara yalikatwa kwa mashine na kuteremshwa kwenye kiwanda cha mbao cha Tanga, kwa msaada wa serikali ya Ufini. Hata wanavyuoni walipopaza sauti, ukataji ule ukakomeshwa, na Ufini ile ile ikageuka kuwa msaidizi wa kuulinda msitu, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la heshima, kwani si kila mwenye nguvu hukubali kurejea nyuma. Lakini jeraha la msitu halifungi upesi. Mahali palipobaki wazi paliingiwa na mti uitwao Maesopsis, uliopandwa huko na watu, ambao matunda yake huliwa na hondohondo na mbegu zake zikatawanywa kila bonde, hata ukaishika nafasi ya miti ya asili kama vile msambu.

Mwaka 1997 serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya namna yake nchini, yenye hekta 8,380, na sehemu yake ikiwa ni msitu uliokuwa mikononi mwa kampuni ya chai. Hapa sina budi kuwataja wakulima wa Derema, waliokuwa wakipanda iliki chini ya miti mikubwa, wakaondolewa ili misitu iunganishwe. Fidia walilipwa, na wengi wakalalamika kuwa haikutosha. Iliki ni mali ya mwenye shamba dogo, humsomesha mtoto na kumwoza binti, na hifadhi iliyopatikana kwa kumpunguzia mtu riziki yake ina deni kwake, hata kama mipaka imekwisha kuandikwa na kutiwa muhuri.

Kwa sababu hiyo nawasihi wanaotaka kuzuru waende kwa utaratibu: walipe ada, wamchukue mwongozaji wa vijiji vya huko huko, wafuate njia iliyopigwa, wala wasing'oe mche hata mmoja. Mlango ni Sigi, penye stesheni ya zamani ya Wadachi iliyokuwa mwisho wa reli itokayo Tengeni; reli imekwisha kung'olewa, na nyumba imefanywa mahali pa kuwapokea wageni. Mimi nilifika hapo jioni, mvua imetoka kunyesha, nikaketi barazani pamoja na mzee mmoja wa Kisambaa, naye akanyamaza kitambo, kisha akanyosha mkono kuelekea mtoni akaniambia, "Bwana, haya utayakuta kwenu."