Miguu kufika chini siyo leseni (Sehemu ya 4)

Niliahidi tutaongea habari ya watoto wetu na pikipiki. Leo nawaletea historia kidogo, maana swali linalotusumbua hapa Namasakata limewasumbua wazazi wengi kabla yetu.

Wiki hii nilisafisha kidonda cha mvulana wa miaka 14. Kaungua mguu wa kulia kwa ndani, pale ekzozi inapogusa. Nikamuuliza mama yake, "Pikipiki kampa nani?" Akainama. "Nesi, nilimtuma mimi, mashineni kusaga." Sikumsema. Mwaka jana na mimi nilimtuma wangu sokoni kwa pikipiki ya baba yake mdogo. Alikuwa na miaka 15. Nikajiambia, si ni hapo tu?

Jamani, hilo "hapo tu" ndilo linalotoa leseni vijijini kwetu. Hatukai chini tukaamua kwamba mtoto yuko tayari. Tunamtuma tu, basi anakuwa dereva.

Sasa turudi nyuma, tena mbali. Agosti 1888, kule Ujerumani, mama mmoja aitwaye Bertha Benz alichukua gari alilotengeneza mumewe Carl, bila kumwambia. Akasafiri kutoka Mannheim mpaka Pforzheim kwa mama yake, zaidi ya kilometa 100. Alikwenda na wanawe wawili, Eugen wa miaka 15 na Richard wa miaka 13. Penye mlima wavulana walishuka wakasukuma. Mafuta yalipoisha walinunua duka la dawa! Ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana duniani, na vijana wa rika la Fomu Wani walikuwemo. Wakati huo hakuna aliyeuliza umri. Barabarani hapakuwa na gari lingine la kugongana nalo.

Magari yalipoongezeka, ikabidi sheria iingie. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1903, waliweka miaka 17 kwa gari. Kwa pikipiki mnajua waliweka mingapi? 14! Waliiona ni baiskeli iliyotiwa injini, ya vijana tu. Na mtihani wa kuendesha haukuwepo, unalipia leseni unapewa. Mwaka 1930 umri wa pikipiki ukapandishwa kuwa 16, na mtihani ukawa wa lazima mwaka 1935. Yaani miaka zaidi ya 30 ya kujifunza kwa majeneza.

Mwaka huohuo wa 1935, T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu, alianguka na pikipiki akikwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuvaa kofia ngumu, na siku chache baadaye akafa kwa jeraha la kichwa. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, hakulisahau lile fuvu. Alichunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yake. Jeshi likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa helmeti. Leo tunajua helmeti inapunguza majeraha ya kichwa kwa takribani asilimia 69, na vifo kwa asilimia 42. Ndiyo maana nawapigia kelele hata kwa safari ya kwenda mashineni.

Kisha New Zealand, mwaka 1987, wakaja na wazo ambalo bibi zetu wasingelishangaa: leseni kwa hatua. Kwanza unajifunza ukiwa na mtu mzima pembeni. Halafu unaendesha mwenyewe, ila si usiku wa manane wala na kundi la marafiki. Mwisho ndiyo unapewa leseni kamili.

Nasema bibi zetu wasingeshangaa kwa sababu ya jando na unyago. Kwa mila za Wayao, mtoto hakujitangaza kwamba amekua, na mzazi hakumtangaza peke yake. Alipita mikononi mwa wengine: ngaliba, makungwi, wazee. Alifundishwa, akaangaliwa, akarudishwa nyumbani. Kwa pikipiki tumeruka hatua zote hizo. Tunaangalia kitu kimoja: miguu inafika chini? Basi, piga kiki uende.

Zamani hilo halikuua sana, maana kijana alipanda baiskeli kwenye vumbi. Miaka ya 2000 pikipiki za bei nafuu zikajaa. Mwaka 2010 Serikali ikatoa kanuni za pikipiki za kubeba abiria kwa biashara, bodaboda ikawa ajira inayotambulika. Lami nayo ikaja: kipande cha Namtumbo hadi Tunduru, kilometa 193, kilizinduliwa na Rais Magufuli mwaka 2019. Ni baraka, wajawazito wetu wanafika hospitali mapema. Lakini mwendo umepanda, na mtoto anayetoka njia ya shambani anaingia barabara moja na lori.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya 1973 inataka miaka 18 kwa leseni ya gari. Sehemu ya ubongo inayopima hatari na kusema "subiri" bado inakua mpaka miaka ya 20 na kitu. Kijana wa 15 anaweza kubadili gia vizuri kuliko baba yake. Kinachomshinda ni kumkatalia rafiki anayesema "ongeza mwendo". Akipakia mshikaki ndiyo kabisa, kila aliyeko nyuma anamsukuma. Na kichwa kikigonga lami, sisi wa huku tunalinda njia ya hewa, tunazuia damu, tunaomba gari la kwenda Songea. Saa hizo ni ndefu sana, mama zangu.

Kwangu mambo yako hivi. Mwanangu sasa ana miaka 16. Baba yake anataka kununua pikipiki hela ya korosho ikitoka. Tulibishana siku tatu, tukakubaliana: pikipiki itanunuliwa, ufunguo nakaa nao mimi mpaka afike 18, apate mafunzo na leseni. Kwa sasa anajifunza alama za barabarani, na kila akipakiwa anavaa helmeti. Kanuna wiki nzima. Kaniambia wenzake wote wanaendesha, na kweli wanaendesha.

Ugumu uko kwangu zaidi. Sitaweza tena kusema "kimbia mara moja, ni hapo tu". Jana mahindi niliyapeleka mashineni mwenyewe, kichwani, baada ya zamu.

Na wewe, mara ya mwisho ulimtuma wapi?

Sehemu ya 5: huduma ya kwanza kwa aliyeanguka na pikipiki. Usiku mwema.