Kupata Joto Kambini Bila Umeme

Kupata joto kambini bila umeme ni namna ya kuukinga mwili na baridi ya usiku ndani ya hema, mahali pasipo na nyaya za umeme wala hita. Afrika Mashariki haja hiyo huonekana zaidi kwenye milima mirefu, na Kilimanjaro ndio mfano ulio wazi. Joto la hewa hushuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kambi ya Barafu iko juu ya mita 4,600, ilhali mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000. Kwa hiyo baridi ya kambini huipita ya mjini kwa nyuzi zaidi ya 20, na usiku maji huweza kuganda chupani. Hata hivyo, joto lililo salama hemani ni lile la mwili wa mlalaji mwenyewe. Kazi ya vifaa ni kulizuia lisipotee; moto hauna nafasi humo, uwe wa mkaa, wa mafuta ya taa au wa gesi.

Sababu ya kwanza ni kaboni monoksaidi, gesi inayotoka pale kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha. Haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Mkaa ndio unaohadaa zaidi, kwa kuwa ukishakolea na kuwa mwekundu hautoi moshi, na watu hudhani hatari imekwisha wakati gesi inaendelea kujaa. Mlimani tatizo huwa kubwa zaidi. Kwenye mwinuko wa Barafu kila pumzi huingiza oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani, na dalili za sumu hiyo, yaani kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, ndizo zilezile za ugonjwa wa mwinuko. Wenzi wa hema moja wakiugua kwa pamoja penye jiko, watolewe nje mara moja, wapewe oksijeni ikiwepo, na wateremshwe wakatibiwe.

Wapo wanaosema kwamba inatosha kuacha zipu wazi kidogo. Lakini hakuna awezaye kukadiria kwa macho uwazi unaotosha, upepo hugeuka, na mwenye usingizi hajui hewa inapochafuka. Uwazi ukiwa mkubwa kiasi cha kuleta usalama, joto la jiko nalo litatoka humohumo, na sababu ya pili, yaani hatari ya kitambaa cha hema kushika moto, ingali palepale. Wengine hutegemea pombe. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hivyo mnywaji huhisi joto huku mwili wake ukizidi kulipoteza.

Njia ya kuaminika huanzia chini. Uzito wa mlalaji hugandamiza mfuko wa kulalia na kuitoa hewa iliyonaswa ndani yake, nayo hewa hiyo ndiyo inayozuia joto. Ndiyo maana godoro la povu chini ya mgongo huweza kufaa kuliko blanketi la pili juu ya kifua. Nguo zilizoloa jasho zibadilishwe kabla ya kulala, kwani unyevu hunyonya joto la mwili. Kofia na soksi kavu zivaliwe, na chakula cha jioni kiwe cha kushibisha, maana ndicho kuni za mwili. Maji yaliyochemshwa nje yakitiwa kwenye chupa imara isiyovuja, ikafungwa ndani ya soksi na kuwekwa miguuni, hupasha mfuko kwa saa kadhaa. Tundu la juu la hema libaki wazi, kwa sababu mvuke wa pumzi ukikosa pa kutokea hugeuka matone na kulowesha matandiko.

Pingamizi zito ni la gharama: mifuko mizuri ya kulalia ni ghali, na mkaa ni rahisi kupata. Ni kweli, na mzigo wa ukweli huo huwaelemea zaidi wapagazi, wanaobeba starehe za wageni huku baadhi yao wakilala kwa vifaa hafifu. Lakini hilo halilifanyi jiko la hemani kuwa salama. Linaonyesha tu wajibu ulipo. Asiye na godoro wala blanketi la kutosha atashawishika kuingiza jiko, hata akijua hatari yake, kwa kuwa baridi nayo inaua. Kwa hiyo katazo peke yake halitoshi. Mwandaaji wa safari akague matandiko ya kila mpagazi kabla ya kuvuka lango la hifadhi, kama anavyokagua ya wageni wake, na anayepungukiwa apewe ndipo msafara uondoke.